Ndoo ya Bi Somoe

Wageni waliokuja kumjulia hali Bi Somoe, kitu cha kwanza walichoonyeshwa kilikuwa godoro. Khalfani, mwanawe, alikuwa na mtindo wake. Akishapokea salamu hulipiga godoro makofi mawili kama dalali wa mnadani anavyompiga ng'ombe ubavuni, kisha husema, "Inchi nane hii. Nimemwambia mama, kazi yako wewe ni kulala tu. Mama yangu hashiki hata kijiko." Wageni husema mashaallah. Hutazama feni mpya, humtazama na yule mama aliyekauka akaegemezwa kwenye mito miwili, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, kisha hukubaliana kwamba Bi Somoe amezaa.

Wakati huohuo Najma, mke wa Khalfani, hupita nyuma yao kwenye korido na ndoo iliyofunikwa kanga kuukuu. Hupita upande upande ili isimguse mtu. Wageni hugeukia ukutani, wenye adabu hukohoa kidogo, na habari za godoro huendelea.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, iliyokuja nyumbani na rangi ya ukuta. Iliwekwa nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kitandani, kwa sababu choo kilikuwa mbali. Goba ni vilima vitupu, na fundi aliyechimba shimo la choo alikutana na mwamba kila mahali isipokuwa kule juu kwenye kona ya kiwanja. Kutoka mlango wa uani mpaka chooni kulikuwa na ngazi tisa za tofali. Kwa Bi Somoe, ngazi tisa zilikuwa safari ya Makka bila nauli.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Thelathini kati ya hiyo aliitumia kukaanga samaki kwa kuni pale Kinondoni, uso ndani ya moshi, na kwa samaki hao ndiyo alisomesha watoto wawili. Daktari alisema ni ugonjwa sugu wa mapafu, na akarudia mara mbili kwamba si kifua kikuu na hauambukizi. Raudha, binti yake wa Ukonga, alisikia mara zote mbili. Bado kila akija alikuwa akibeba kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba.

Najma hakuchukia ndoo. Amelea mtoto, kinyesi anakijua. Kilichomtia kinyaa ni yale makofi ya godoro. Mume wake alisema mwanamume hawezi kumwosha mamake, na hilo Najma alilikubali, ni haki, kuna mipaka. Lakini kumwaga ndoo? Kuna aya gani inayomkataza mwanamume kushika mkono wa ndoo? Miezi minane Khalfani hakuwahi hata kuisogeza kwa mguu. Akisikia mama yake anasema "nataka haja", ghafla simu yake inaita.

*

Siku daktari alipoandika karatasi ya kumpeleka Bi Somoe kwenye mazoezi ya mapafu, Khalfani aliisoma harakaharaka, akadhani ni mashine fulani ya kupumulia, akaridhia. Ni wiki nane, Jumatatu na Alhamisi. Najma ndiye aliyempeleka kwa bajaji.

Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na ukumbi mrefu, viti vya plastiki, chupa za maji zilizojazwa mchanga, wagonjwa tisa, na binti mmoja mrefu mwenye raba nyeupe. Aliitwa Noela, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo mama."

"Mara... haba," alijibu Bi Somoe. Siku hizo hata neno moja alilikata vipande.

"Haya mama, tusimame kwenye kiti. Tukae. Tusimame tena."

Mara ya nne Bi Somoe alishika magoti, akatoa macho. "Nimeletwa... hospitali... au jeshini?"

Mzee mmoja kando yake akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa Anselmo, mchonga vinyago, mtu wa Newala. "Mama, mie pia nilisema hivyohivyo. Vumbi la mpingo miaka thelathini, lote limo humu kifuani. Wiki ya kwanza nilimtukana huyu binti kimoyomoyo mpaka nikaona aibu. Leo nimeshuka stendi nimekuja kwa miguu yangu."

Noela alichuchumaa mbele ya Bi Somoe, akamshika mikono. "Mama, sikudanganyi. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi hayarudi kuwa mapya, hata nikikusimamisha hapa mwaka mzima. Dawa yako ya kuvuta utaendelea nayo. Ila miguu yako imelala miezi minane, imesahau kazi. Mguu legevu unakula hewa nyingi kwa kazi ndogo. Tukiupa nguvu, hiyo hewa kidogo uliyonayo itakutosha."

"Nikihema... si nitakufa?"

"Kuhema siyo kufa. Utahema, utasimama, utavuta kwa pua, halafu utatoa taratibu kwa mdomo uliobanwa, kama unapoza chai ya moto. Ukipata nafuu unaendelea. Kinachokumaliza ni kulala."

Kisha akafungua daftari. Kila mgonjwa, alisema, lazima awe na mahali anapotaka kufika. Mzee Anselmo aliandikiwa kurudi kwenye karakana yake. "Na wewe mama, nyumbani unafika chooni mwenyewe?"

Bi Somoe alitazama sakafu. Najma akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya chini, "Tunatumia ndoo."

"Basi tuandike choo, mama? Unakubali?"

Bi Somoe alipoza chai yake ya kwanza, ndefu. "Andika," alisema. "Kwa herufi... kubwa."

*

Siku ya kwanza alitembea dakika sita kwa kusimama mara nne, akafika mita mia moja na ishirini. Noela alimpigia makofi kama ameshinda mbio. Nyumbani wakaanza na ngazi: wiki ya pili ngazi mbili, wiki ya tatu nne. Asubuhi Khalfani akishaondoka kwenda kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, Najma humweka mwanawe Anwar chini na vijiko vya kuchezea, kisha wanatoka uani. Jioni Khalfani akirudi humkuta mama yake juu ya godoro, anauliza, "Umepumzika mama?" Naye humjibu, "Nimepumzika mwanangu." Hawakumdanganya sana. Hakuuliza sana.

Jumamosi ya wiki ya tano Bi Somoe alisimama kwenye ngazi ya sita, akashika ukuta, akapoza chai. Najma alikuwa nyuma yake, mikono mbele bila kumgusa, kama alivyofundishwa. Ngazi ya saba. Ya nane akasimama tena, na jasho likamtiririka shingoni mpaka kwenye ushungi. Ya tisa akaipanda, akafungua mlango wa bati, akaingia, akaufunga kwa komeo.

Najma alikaa kwenye tofali akilia na kucheka kwa pamoja. Miezi tisa!

"Najma!" sauti ilitoka ndani.

"Abee mama! Kuna nini?"

"Hebu nenda zako huko. Mtu anasikilizwaga chooni?"

Siku hiyo ndoo ilioshwa kwa dawa, ikaanikwa juani, ikatumika kulowekea nguo za Anwar. Wiki mbili haikurudi nyuma ya pazia. Bi Somoe alianza kuosha uso wake mwenyewe, akaanza kuchambua mchele, akaanza na kugombana, maana sasa sentensi ilifika mwisho bila kukatika. Wakaanza kutembea nje, kwenye mteremko wa mtaa, yeye mbele na chupa mbili za mchanga mikononi, Najma hatua tatu nyuma.

Hapo ndipo walipokosea. Mgonjwa akitembezwa ndani ya ukuta, ni tiba. Akitembezwa barabarani, watu wana macho, na siku hizi macho yana simu.

*

Jenipher wa saluni aliwapiga video ya sekunde kumi na nane. Bi Somoe anapanda kilima kwa taabu na chupa mbili, mdomo umechongoka, anahema. Mkwe anakuja nyuma, mikono mitupu. Jenipher akaiweka kwenye stetasi yake na maneno: "Wakwe wa siku hizi, Mungu anawaona." Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Ukonga.

"Umenivua nguo mtaani," Khalfani alimwambia mkewe jioni. Hakuwa hata amevua viatu. "Leo watu watatu wamenipigia. Mama Khalfani anatumwa maji! Anabebeshwa!"

"Baba Anwar, hospitali ndiyo iliyosema atembee. Zile chupa ni za mazoezi."

"Hospitali inakaa Goba? Hospitali ndiyo itakayosemwa msikitini?"

"Mama sasa anaenda chooni mwenyewe. Umeona ndoo wewe?"

Khalfani aliinama kufungua kamba za viatu. Ndoo haikuwahi kuwa kitu anachokiona, kwa hiyo hakujua kama imeondoka. "Jumapili kuna kikao," alisema. "Utaeleza huko."

Jumapili akaja mjomba Mwinjuma, mdogo wake Bi Somoe, kanzu imenyooshwa na tasbihi mkononi. Akaja na Raudha, analia tangu getini, marashi yametangulia. Bi Somoe alilazwa kwenye godoro lake, likasogezwa mlangoni ili asikie anavyotetewa. Najma aliwekwa kwenye mkeka, peke yake.

"Wifi, mie sina neno baya na wewe," Raudha alianza, na watu wakianza hivyo ujue neno lipo. "Lakini mama yangu amekaanga samaki maisha yake yote ili apumzike uzeeni. Leo anabebeshwa mizigo kilimani na mapafu mabovu! Ungekuwa mama yako mzazi ungemfanyia hivyo?"

"Wifi, hebu sikiliza. Wamesema akilala misuli inakufa, na..."

"Misuli! Mgonjwa anataka misuli ya nini? Anakwenda kupigana ngumi?"

Mjomba Mwinjuma akacheka puani. Khalfani akatazama saa yake.

"Mie nataka kusema," alisema Bi Somoe kutoka mlangoni.

Wote watatu wakamrukia kwa pamoja. "Nyamaza mama, usichoke!" "Dada, tulia, usije ukakata pumzi!" Raudha akakimbia kumpepea kwa kanga.

"Sijachoka. Nina maneno matatu tu, na Najma ndiye..."

"Shh. Usiongee, mama. Sie tupo."

Najma alimwona Bi Somoe akifunga mdomo. Mtu aliyefanya kazi wiki saba kuipata hewa ya kusemea, amepata, na watoto wake wanaiziba kwa huruma. Kinyaa kilimpanda Najma.

Hukumu ilitoka kwa mjomba. Mazoezi basi. Mgonjwa alale, aheshimiwe, asiguse ardhi. Na kwa kuwa mkwe ameonyesha moyo wake, Najma asimhudumie kwa sasa. Raudha atakaa wiki nzima kumuuguza mama yake, "ili mtaa uone mfano wa mtoto aliyelelewa."

"Kwa moyo wote," alisema Raudha, akifuta machozi kwa ncha za vidole ili wanja usimwagike.

"Dada umeridhika?" mjomba aliuliza.

Bi Somoe aliwatazama mmoja mmoja. "Kikao kikishasema, mie ni nani?" alisema. "Nimelala."

*

Wali wa nazi na kuku vilikuwa vimepakuliwa. Mjomba alikuwa ameshanawa mkono, ameshachukua tonge la kwanza, Bi Somoe alipoita.

"Raudha mwanangu."

"Labeka mama."

"Nataka haja."

Raudha alimtazama Najma. Najma alitazama mkeka.

"Kubwa," alisema Bi Somoe. "Na samaki wa jana hakunikalia vizuri."

"Mama, si huwa... si mmesema unaenda mwenyewe?"

"Kikao kimesema nisiguse ardhi. Lete ndoo, mwanangu."

Ndoo ilifuatwa kwenye nguo za Anwar. Pazia likavutwa. Nyumba ile ni ya vyumba viwili na sebule, na pazia halizuii sauti wala kitu kingine chochote. Tonge la mjomba lilisimama katikati ya sahani na mdomo. Khalfani akachukua simu yake, akaanza kusema "Haloo? Haloo?" akatoka nje, na Najma aliona wazi kwamba kioo cha simu ni cheusi.

"Niinue taratibu," Bi Somoe alisema nyuma ya pazia. "Shika hapa. Siyo hivyo, utaniangusha. Haya, sasa nitawaze."

"Nini?"

"Nioshe mwanangu. Nimemaliza. Maji yako kwenye kopo."

Kisha sauti ya Raudha, nyembamba, imefunikwa na kanga, "Wifi Najma! Wifi, njoo mara moja!"

"Najma amekatazwa," Bi Somoe alisema. "Nioshe wewe. Mie nilikuosha miaka mitatu, na ulikuwa na tumbo baya."

Raudha alitoka mbio, kanga puani, akafika kwenye ngazi ya kwanza ya uani, akatapika marashi na soda na chai ya asubuhi. Mjomba Mwinjuma alinawa mkono, akakumbuka kwamba ana msiba wa kwenda Pugu. Wali wake haukuliwa.

Raudha alirudi akamwosha mamake, vibaya, akiangalia dari. Kesho yake, Jumatatu, siku ya mazoezi, Bi Somoe hakwenda, akalala kama alivyoamriwa, na akaomba ndoo mara tatu. Jumanne alfajiri Raudha alipigiwa simu kwamba watoto wake Ukonga wana homa, wote wanne kwa pamoja. Alikisahau kikombe chake mezani.

Sasa walibaki watu wazima watatu. Khalfani alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama Anwar. Mama anaita."

"Nimesikia."

"Basi nenda."

"Kumwosha nitamwosha, yule ni mama yangu, sikungoja ruhusa ya kikao. Lakini ndoo kaimwage wewe. Mie ndiye mwenye roho mbaya, au umesahau?"

Alidhani atapigwa kofi. Khalfani aliinua kidole, akakishusha. Alikwenda. Najma alimwona akitoka korido ameinyoosha ndoo mbali na mwili kama aliyebeba nyoka kwa mkia, uso ameugeuza, hatazami aendako. Kwenye ngazi ya nne alijikwaa. Ilimwagika kwenye viatu, kwenye suruali, ikashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka mlangoni. Aliketi palepale juu, mtu mzima mwenye duka, akatapika katikati ya magoti yake.

Najma alitaka kucheka, kwa kuwa alikuwa amekingoja kicheko hicho karibu miezi kumi. Akaingia kwanza kumwosha Bi Somoe. Alimkuta amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Hakuwa anahema. Alikuwa analia.

"Mama, basi. Wameshaona."

"Nimejidhalilisha, Najma." Alisema bila kugeuka. "Mie Somoe. Nilikuwa nimeshatoka kwenye hii ndoo."

Kicheko kilimkauka Najma. Alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akamwosha polepole, na akawaza kwamba kuna jambo baya zaidi ya ndoo hapa: mama wa watu amelazimika kurudi kwenye kinyesi chake ili wanawe wamruhusu kutembea. Kila akilifikiria, aliwaona wote wanafiki, akachukia mpaka wali waliokula.

Khalfani alikuja mlangoni amebadilisha suruali, ananuka sabuni na bado ananuka. Hakumtazama yeyote.

"Hiyo kliniki," alisema. "Ni lini tena?"

"Alhamisi," alijibu mama yake, akiangalia ukuta.

*

Siku tatu za kulala zilimgharimu. Alhamisi alisimama kuhema mara tano ukumbini, na Noela akakunja uso. Zikaongezwa siku mbili za mazoezi. Lakini miguu haikuwa imesahau yote. Siku ya mwisho Bi Somoe alitembea dakika sita akasimama mara moja tu, na Noela akasoma kwa sauti: mita mia mbili na themanini na tano. Mzee Anselmo akapiga kigelegele cha kiume, cha kuchekesha, watu wote wakacheka mpaka wakahitaji kupoza chai.

Siku hiyo Khalfani alikuja mwenyewe. Aliingia dakika za mwisho, amevaa shati jipya, simu imeshainuliwa. Alimwomba mama yake arudie mita chache za mwisho, yeye Khalfani kando yake, mkono mmoja ameshika chupa ya mchanga na mwingine amemkumbatia begani, akitabasamu. Noela alikabidhiwa simu, akapiga hiyo video kwa adabu. Najma aliambiwa asogee kidogo, anaziba mwanga.

Jioni Najma alikuwa uani anachambua mchicha, Bi Somoe kwenye kigoda kando yake, na simu ikalia. Khalfani ameiweka ile video mtandaoni. Maneno ya juu yalisema: "Nilimwambia mama, hatulali, tunapambana. Mtoto ndiye dawa." Chini yake watu walishajaa. Jenipher wa saluni ameweka mioyo saba. Mjomba Mwinjuma ameandika mashaallah. Raudha ameandika: "Tumetoka mbali na mama yetu."

Najma aliisoma yote mara mbili. Alijisikia kama amelamba kitu kilichooza.

"Wanasemaje huko?" Bi Somoe aliuliza.

"Wanasema umezaa, mama."

Bi Somoe alivuta hewa kwa pua, akaitoa kidogokidogo kwa mdomo uliobanwa, hana haraka.

"Nimezaa wawili," alisema. "Na wote walitapika."

Kisha akaweka mikono magotini, akainuka, akaanza kupanda ngazi kwenda chooni.